Kifo Kisicho na Mdai: Uhakiki wa Mjadala wa Gemu za Bunduki kwa Kurejelea Habari za Wakilindi na Historia ya Usambara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mjadala kuhusu uhusiano wa gemu za kufyatua risasi na mauaji ya bunduki katika maisha halisi. Hoja kuu ni kwamba wanaozishutumu gemu na wanaozitetea wamekubaliana juu ya jambo moja bila kulitamka: kwamba swali la msingi ni iwapo gemu humgeuza mchezaji kuwa muuaji. Swali hilo ni la vipimo na takwimu, na tafiti zilizopo hazithibitishi kiungo hicho. Swali linalobaki kwa mhakiki wa fasihi ni la umbo: kifo kinasimuliwaje, na nani anawajibika kwacho? Ili kulijibu, makala yanarejelea matini ya Kiswahili iliyotungwa kuhusu milima ya Usambara, yaani Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, pamoja na historia ya kuingia kwa bunduki katika milima hiyo karne ya 19. Historia inaonesha kuwa bunduki iliibomoa nchi kupitia biashara na mgogoro wa urithi wa utawala. Masimulizi ya Mbegha, kwa upande wake, yanaonesha umbo la kifo ambacho kila mara kina mdai. Kutokana na ulinganishi huo, makala yanapendekeza mhakiki aache kazi ya kuwa shahidi wa mashtaka au wa utetezi, aifanye kazi yake mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika miji midogo ya Usambara, kama ilivyo kwingineko nchini, kijana huzipata gemu kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kibanda chenye runinga na PlayStation, ambamo mchezaji hulipia muda wake na wenzake humzunguka wakisubiri zamu. Ya pili ni simu ya mkononi. Kibandani mpira wa miguu ndio unaotawala, lakini bunduki nazo zipo: Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotolewa mwaka 2004, imelea kizazi kizima cha wachezaji wa Afrika Mashariki. Kwenye simu, Free Fire, PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile humpa mchezaji bunduki mkononi ndani ya dakika moja baada ya kufungua programu.

Lawama zinazotolewa dhidi ya gemu hizi zinafahamika: kwamba zinamzoesha mtoto kumwaga damu, kwamba zinamfundisha kulenga shabaha, na kwamba anayeua kwenye kioo leo ataua barabarani kesho. Lawama hizo hazifai kupuuzwa, kwa kuwa zina matokeo. Mtoto huadhibiwa, kibanda hufungwa, na watu wazima huridhika kwamba wamekwisha kulishughulikia tatizo la bunduki. Iwapo utambuzi wa chanzo si sahihi, ridhaa hiyo ni hatari kuliko gemu yenyewe, kwa sababu inaiacha bunduki halisi mahali ilipokuwa.

Kwa msomaji wa fasihi, shutuma hii si ngeni. Plato aliwaondoa washairi katika dola yake bora akihofia kwamba uigaji wa maovu huizoesha nafsi kuyatenda. Aristotle akajibu kwamba tanzia huichochea huruma na hofu ili kuzitakasa. Katika fasihi ya Kiswahili, shutuma hiyohiyo ilielekezwa kwa riwaya pendwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kazi yake ya ujasusi katika Kufa na Kupona (1974), alibeba bastola, akaua, akapendwa na wasomaji; na wahakiki walihoji iwapo riwaya za aina hiyo hazipotoshi maadili ya vijana. Baadaye zamu ilikuwa ya vibanda vya video, ambavyo wananchi waliviita vibanda umiza. Gemu ndiyo mrithi wa karibuni wa kiti hiki cha mshtakiwa.

Makala haya yanachagua kuutazama mjadala huu kutoka Usambara kwa sababu mbili. Kwanza, milima hiyo ina historia inayojulikana vizuri ya namna bunduki ilivyoingia katika jamii na kuivuruga, zaidi ya karne moja kabla ya gemu ya kwanza kuwashwa. Pili, ina matini kubwa ya nathari ya Kiswahili, Habari za Wakilindi, iliyojaa uwindaji, vita na mauaji, na ambayo imesomwa kwa fahari badala ya hofu. Matini hiyo inatupa kipimo cha kulinganishia ambacho kimetoka ndani ya lugha yenyewe.

2.0 Mjadala na Mipaka Yake

Mjadala wa kisasa ulipata nguvu Marekani baada ya mauaji ya shule ya Columbine, jimbo la Colorado, tarehe 20 Aprili 1999. Wauaji wawili, ambao wote walikuwa wanafunzi wa shule hiyo, walikuwa wachezaji wa Doom, gemu iliyotolewa mwaka 1993. Tangu hapo baadhi ya mauaji makubwa ya bunduki nchini humo yamefuatwa na msako wa orodha ya gemu alizocheza muuaji. Mwezi Agosti 2019, baada ya mauaji ya El Paso na Dayton, Rais Donald Trump alizitaja gemu za kikatili miongoni mwa mambo yanayotukuza ukatili katika jamii yake.

Wanasaikolojia nao waligawanyika. Craig Anderson na Brad Bushman, katika uchanganuzi wao wa mwaka 2001 uliokusanya tafiti nyingi kwa pamoja, walidai kuwa gemu za kikatili huongeza fikra na matendo ya uchokozi. Christopher Ferguson na wenzake walipinga, wakisema kuwa vipimo vya maabara, kama vile kumpigia mwenzako kelele kwenye spika, si vipimo vya mauaji. Andrew Przybylski na Netta Weinstein, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na kuwahusisha vijana wa Uingereza wapatao elfu moja wenye umri wa miaka 14 na 15, pamoja na walezi wao, hawakukuta uhusiano kati ya kucheza gemu za kikatili na tabia ya uchokozi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwaka 2015 kilikuwa kimesisitiza uhusiano wa gemu na uchokozi, kilitoa tamko mwaka 2020 kikionya kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha gemu na vitendo vya kikatili kama mauaji.

Tofauti hiyo kati ya uchokozi na mauaji ni ya msingi. Mchezaji aliyefungwa anaweza kuirusha pedi na kumtukana mwenzake. Huo ni uchokozi. Kutoka hapo hadi kumpiga mtu risasi pana masafa, na katikati ya masafa hayo lazima ipatikane bunduki. Japani na Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zinazocheza gemu kwa wingi duniani, lakini vifo vya bunduki huko ni vichache mno vikilinganishwa na Marekani. Kinachozitofautisha nchi hizo ni upatikanaji wa silaha.

Mfano wa Irak unalionesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwezi Aprili 2019 Bunge la nchi hiyo lilipitisha uamuzi wa kuzipiga marufuku PUBG na Fortnite kwa hoja ya madhara yake kwa vijana. Gemu zote mbili zilitoka mwaka 2017. Irak ilikuwa imekwisha kupitia vita vya miaka ya 1980, vita vya 1991, uvamizi wa 2003 na mapambano na kundi la Dola ya Kiislamu kabla ya kijana yeyote wa Baghdad kuruka kwa mwavuli katika kisiwa cha PUBG.

Hapa Tanzania mjadala hujitokeza kwa sura nyingine. Tarehe 25 Agosti 2021 mtu mmoja aliwaua kwa risasi askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Jeshi la Polisi baadaye lilieleza kwamba alikuwa akijifunza mambo ya ugaidi kupitia mitandao. Ni muhimu kutoyachanganya mambo mawili. Maudhui ya kundi lenye silaha humwita mtazamaji kwa jina, humtajia adui aliye hai na kumtaka atende. Gemu humtajia adui asiyekuwepo, na ushindi wake huishia kwenye kioo. Kuyaweka yote katika fungu moja la "vitu vya mtandaoni" ni kumnyima mpelelezi, mzazi na mhakiki nyenzo ya kutofautisha wito na mchezo.

Hata hivyo, watetezi wa gemu nao wana upungufu wao. Utetezi ulio maarufu zaidi ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 27 Juni 2011 katika shauri la Brown dhidi ya Entertainment Merchants Association, ambapo majaji saba dhidi ya wawili waliibatilisha sheria ya California ya mwaka 2005 iliyozuia kuwauzia watoto gemu za kikatili. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alikumbusha kwamba hadithi za watoto zimejaa damu: katika ngano za ndugu Grimm malkia mwovu huchezeshwa ngoma akiwa amevaa viatu vya moto mpaka afe, na watoto wawili humchoma mchawi katika tanuri.

Kisheria hoja hiyo inatosha. Kihakiki haitoshi, kwa kuwa inahesabu damu tu: kama ngano zina damu na hazikatazwi, gemu nazo zisikatazwe. Mshtaki naye anahesabu damu hiyohiyo na kutoa uamuzi ulio kinyume. Hakuna kati yao anayeuliza damu hiyo inafanya kazi gani ndani ya masimulizi. Malkia wa ngano hafi kwa bahati mbaya wala kwa burudani. Anafia deni la uovu wake, na hadhira inalijua deni hilo. Ukatili wake una hesabu iliyofunguliwa na kufungwa. Swali la hesabu hiyo ndilo linaloturudisha Usambara.

3.0 Bunduki Kabla ya Gemu: Usambara Karne ya 19

Mji wa Lushoto unaofahamika leo ulikua kutokana na kituo cha Wajerumani kilichoitwa Wilhelmstal. Kabla ya hapo makao ya utawala wa milima hiyo yalikuwa Vuga, chini ya Wakilindi. Mtawala mashuhuri wa karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na ndiye waliyemtembelea Burton na Speke mwaka 1857. Bunduki zilikuwa zimekwisha kufika. Burton anaeleza kwamba Kimweri alikuwa na kikosi cha watu wa bunduki 400 aliowaita Waingereza wake.

Jina hilo linastahili kuzingatiwa. Wabeba bunduki wa Vuga hawakuwa Waingereza, bali walipewa jina hilo. Jina lilitoka katika habari zilizosikika za taifa la mbali lenye silaha na merikebu, na likamvisha mtu wa milimani sura ya mtu mwingine. Kwa lugha ya leo, mbeba bunduki alipewa uhusika. Hapa tunaona kazi halisi ya masimulizi katika matumizi ya silaha: hayakuileta bunduki Vuga, kwa kuwa iliyoileta ni biashara, yalichofanya ni kumpa aliyeishika jina na mwendo. Mjadala wa gemu mara nyingi huzichanganya kazi hizi mbili, ukadhani kwamba kinachompa mtu sura ndicho kinachompa silaha na sababu.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Steven Feierman (1974), katika utafiti wake kuhusu dola ya Wasambaa, ameeleza kwa kina kilichofuata. Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, alishika utawala wa Vuga. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Kwa desturi, ukubwa ulikuwa juu milimani, Vuga. Lakini pembe za ndovu, watumwa, nguo, baruti na bunduki vilipita chini, Mazinde. Mdogo kwa cheo akawa mkubwa kwa silaha. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, akamweka mwanawe, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde ilipokuwa biashara. Wabondei nao wakaasi dhidi ya Wakilindi katika machafuko yaliyojulikana kama Kiva. Vita vya jamaa vilizaa mateka, mateka wakauzwa, na mauzo yakanunua bunduki zaidi.

Wasambaa wenyewe walikuwa na istilahi za kulieleza balaa hilo, ambazo Feierman alizifanya kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1990. Kuzifya shi ni kuiponya nchi. Kubana shi ni kuiharibu. Nchi huharibika panapokuwa na hali ya nguvu kwa nguvu, yaani wenye nguvu wanaposhindana pasipo mmoja wa kuwazidi na kuwapatanisha. Mvua, chakula na usalama wa watu vilifikiriwa pamoja chini ya istilahi hizo. Kwa mtazamo huu, silaha haichunguzwi peke yake wala mshika silaha hachunguzwi peke yake; kinachochunguzwa ni hali ya mamlaka katika nchi.

Mwisho wa mfululizo huo uliletwa na nguvu nyingine yenye bunduki bora zaidi. Mwaka 1895, mara baada ya kifo cha Semboja, Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Kuanzia 1862 hadi 1895 ni kipindi kisichozidi miaka 35, na ndani yake nchi iliyokuwa chini ya mtawala mmoja iligeuka uwanja wa mateka na wakimbizi.

Historia hii haithibitishi kwamba gemu za leo hazina athari yoyote. Tukio la karne ya 19 haliwezi kuthibitisha hilo. Inachothibitisha ni kwamba ukatili wa bunduki una mfumo wake wenye njia ya silaha, faida ya biashara, mgogoro wa mamlaka na kukosekana kwa mpatanishi. Mfumo huo unaweza kufanya kazi kikamilifu pasipo burudani yoyote ya kuuchochea. Mkoa wa Tanga uliupata ukumbusho wa karibuni mwezi Februari 2015, pale vyombo vya ulinzi vilipopambana kwa risasi na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, wakati wa msako wa watu walioshukiwa kupora bunduki za polisi jijini Tanga. Mpelelezi aliyefuata nyayo hizo alianza na bunduki zilizopotea, na huo ndio mwanzo sahihi.

4.0 Mbegha na Kifo Chenye Mdai

Habari za Wakilindi iliandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mwandishi aliyeyajua mambo ya Wakilindi kwa karibu, na sehemu zake zilichapishwa na wamisionari wa UMCA huko Magila kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Toleo linalosomwa zaidi ni lile lililohaririwa na J.W.T. Allen mwaka 1962. Ukubwa wa matini hiyo hauruhusu kuijadili yote hapa; makala yanajikita katika masimulizi ya Mbegha, mwanzilishi wa ukoo.

Mbegha ni mwindaji kutoka Nguu. Kwa vigezo vya mshtaki wa gemu, masimulizi yake yana kila dosari: shujaa ni kijana, kazi yake ni kuua, ana mbwa na silaha, na umaarufu wake unakua kwa kila mnyama anayemwangusha. Lakini tukifuatilia kila kifo tunaona kwamba hakuna kinachopita bure.

Kifo kinachougeuza mkondo wa masimulizi ni cha mtoto wa mtawala wa Kilindi. Kijana huyo anafuatana na Mbegha kuwinda, na nguruwe mwitu anamuua. Mbegha hakumgusa. Angeweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba aliyeua ni mnyama. Masimulizi hayamruhusu kusema hivyo. Kijana alikuwa na baba, baba alikuwa na haki ya kudai, na mwenye kuongoza msafara wa uwindaji ndiye anayedaiwa. Mbegha analazimika kukimbia, na safari yote ya kuingia Usambara, kupitia Bumbuli hadi Vuga, inaanzia katika kifo ambacho hakukitenda lakini kina mdai. Ukuu wa Wakilindi umeanza kwa deni la damu.

Vifo vya wanyama navyo vina hesabu. Nguruwe huangamiza mazao. Kuwaua ni kumwokoa mkulima. Nyama hailiwi na mwindaji peke yake, bali hugawiwa kwa wenyeji, nao humpa chakula cha mashamba yao. Feierman ameona katika mabadilishano hayo safari ya Mbegha kutoka porini kuingia katika jamii. Simba anayemuua njiani kuelekea Vuga anakuwa chanzo cha heshima, na mtawala wa Vuga baadaye huitwa Simba Mwene. Jina hilo la sifa ni mzigo pia, kwa sababu aliyemuua simba anatarajiwa sasa kuwalinda watu na kuwaamulia kesi zao. Kuua kunamwingiza katika wajibu.

Kwa hiyo matini hii haisifiki kwa kuwa na damu kidogo. Ina damu nyingi, na sehemu zinazosimulia vita vya baadaye zina nyingi zaidi. Inachokifanya ni kukipa kila kifo mwenyewe: baba, ukoo, mji, au angalau shamba lililookolewa. Hadhira iliyokua na masimulizi haya haikufundishwa kwamba kuua hakupo. Ilifundishwa kwamba anayeua, hata kwa ajali, ataulizwa.

Ni lazima tuongeze angalizo. Umbo hili halikuwazuia warithi wa Mbegha kuuziana watu. Wana na wajukuu wa Kimweri waliurithi ukoo na masimulizi yake, na bado wakaigeuza nchi kuwa soko. Kama masimulizi mema hayakuweza peke yake kuzuia bunduki, hatuna msingi wa kuamini kwamba masimulizi mabaya peke yake yanaifyatua. Angalizo hili linawabana wenye kuzitukuza ngano kama tiba sawasawa na linavyowabana wenye kuzilaani gemu kama sumu.

5.0 Umbo la Kifo katika Gemu

Tukitumia kipimo hicho, tunaweza kuzisoma gemu kama matini. Katika Free Fire wachezaji wapatao 50 hushuka katika kisiwa, huokota silaha zilizotapakaa bila mwenyewe, na huuana ndani ya muda wa takriban dakika kumi mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Tuangalie vipengele vitatu vya umbo hilo.

Kwanza ni asili ya silaha. Bunduki inapatikana sakafuni katika nyumba tupu. Haikutengenezwa na mtu, haikuuzwa, haikuporwa, wala haina gharama. Historia yote ya Mazinde, yaani njia, faida na mateka waliobadilishwa kwa baruti, imefutwa. Pili ni marehemu. Anayeuawa huacha kasha la vifaa vyake na jina lake hupita juu ya kioo kwa sekunde chache. Hana mama, hana kaburi, na yeye mwenyewe tayari anaanza mchezo mwingine. Tatu ni mshindi. Ushindi haumwingizi katika wajibu wowote. Humrudisha katika ukumbi wa kusubiria, tayari kuanza tena. Mbegha alipomuua simba alipata watu wa kuwaamulia kesi, ilhali mshindi wa kisiwani hupata kisiwa kitupu.

Makala haya yanakiita kifo cha aina hii kifo kisicho na mdai. Maelezo hayo yanahusu umbo. Hayasemi kwamba mchezaji atatoka nje na kuua; tafiti zilizotajwa hazitoi msingi wa kusema hivyo, na mchezaji wa kawaida anajua kabisa kwamba anacheza. Yanasema kwamba masimulizi ambayo vijana wengi huyashiriki kila siku yameiondoa bunduki katika mahusiano yote yanayoifanya ieleweke. Hasara inayopatikana ni ya maarifa: mtu anaweza kushika bunduki elfu moja kwenye kioo bila kujifunza hata mara moja bunduki inatoka wapi na inamwachia nani majonzi.

Umbo hilo si hatima ya gemu zote. This War of Mine, iliyotengenezwa Poland na kutolewa mwaka 2014, humweka mchezaji katika nafasi ya raia waliozingirwa na vita, ikichota katika yaliyoupata mji wa Sarajevo. Mchezaji akiiba dawa za wazee, wahusika wake hulemewa na huzuni; akiua ili apate chakula, mauaji hayo humfuata nyumbani. Kifo kimerudishiwa mdai wake. Kuwepo kwa gemu kama hiyo kunabatilisha kauli kwamba tatizo liko katika pedi na kioo. Kunabatilisha pia utetezi mwepesi kwamba gemu ni burudani tu na haina la kuhakikiwa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa mjadala wa gemu na bunduki umekwama kwa sababu pande zote mbili zinahesabu damu. Ushahidi wa takwimu hauthibitishi kwamba gemu huzalisha wauaji. Historia ya Usambara inaelekeza kidole kwenye njia ya silaha na hali ya nguvu kwa nguvu. Masimulizi ya Mbegha, yakiwekwa kando ya Free Fire, yanaonesha tofauti iliyo muhimu kwa fasihi, yaani tofauti kati ya kifo chenye mdai na kifo kisicho naye.

Yapo mambo matatu yanayofuata. La kwanza ni la sera. Nguvu ya dola dhidi ya mauaji ya bunduki ielekezwe kwenye bunduki: utekelezaji wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ulinzi wa silaha za vyombo vyenyewe, na ushirikiano wa mipakani uliokubaliwa katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Lushoto ni mji wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Haifai katika mji huohuo mtoto wa kibandani ahukumiwe kwa tuhuma ambayo isingesimama mbele ya hakimu mwanafunzi.

La pili ni la malezi. Mzazi au mwalimu mwenye wasiwasi ana njia yenye manufaa kuliko kuizima runinga: amtake mtoto asimulie mchezo wake kama hadithi. Nani alikufa? Alikuwa wa nani? Bunduki uliitoa wapi, na aliyeiacha pale alikwenda wapi? Mtoto akikosa majibu, amekwisha kuuona mwenyewe upungufu wa masimulizi aliyopewa. Hapo ndipo habari za Mbegha, ambazo bado zinasimuliwa katika milima hiyo, zinapopata nafasi kama ulinganishi, na si kama adhabu.

La tatu ni la taaluma. Uhakiki wa Kiswahili ulichelewa kuzipokea riwaya pendwa kwa sababu ulitumia muda mrefu kuzishutumu. Usirudie mwendo huo kwa gemu. Gemu zina wahusika, mandhari, mtazamo wa usimulizi na hadhira inayozungumza Kiswahili zinapochezwa. Vibanda vya Lushoto, Soni na Mlalo ni uwanda wa utafiti kama ulivyo uwanda wowote wa fasihi simulizi. Mtafiti atakayeingia humo asiende kuhesabu risasi. Aende kusikiliza wachezaji wanasema nini mhusika wao anapokufa, na kama yupo yeyote anayeuliza aliyekufa alikuwa wa nani.